Mawe ya Wazee wa Kale katika Bonde la Tanganyika

Mtu asimamaye Uvira huona mambo mawili makubwa kwa mara moja. Mashariki yake ni ziwa, maji mengi yaendayo hata chini ya milima ya Burundi. Magharibi yake, karibu mno, ni ukuta wa milima ya Mitumba. Mji wenyewe umebanwa katikati, mrefu na mwembamba kama mkeka. Kutoka Kavimvira, penye mpaka, hata bandari ya Kalundu, njia yafuata ufuko, na mito mifupi yenye nguvu, Mulongwe na Kalimabenge, yaukata mji ikishuka kutoka milimani. Asubuhi wavuvi warudi na ndagala, na akina mama wa soko wawangoja na mabeseni yao. Kando ya mito wako watu wakusanyao mchanga na mawe ya kujengea, na wengine huketi kutwa wakivunja mawe makubwa kuwa kokoto.

Wapita njia wengi huihesabu kazi ya kuvunja kokoto kuwa kazi ya watu wasio na elimu. Lakini mvunja kokoto mzoefu ajua mambo ambayo mwanafunzi wa shule hayajui. Ajua jiwe lipi hupasuka vizuri na lipi humeguka ovyo. Ajua kwamba ukilipiga jiwe katikati ya tumbo lake utajichosha bure, bali ukilipiga karibu na ukingo wake litakubali. Ajua kusikiliza mlio, maana jiwe zima hulia namna moja, na jiwe lenye ufa hulia namna nyingine. Basi elimu hiyo ndiyo elimu ya kazi iliyo ya zamani kuliko zote tuzijuazo duniani. Kabla ya jembe, kabla ya chungu, kabla ya mhunzi na mivukuto yake, alikuwako mtu aliyeketi kando ya mto, ameshika jiwe mkono wa kushoto na jiwe mkono wa kuume, akitafuta ukali.

Katika makala haya nataka tusimame hapa Uvira, kisha tutazame kusini na kaskazini katika bonde hili letu, tuone mawe hayo yatuambia nini juu ya watu wa kwanza.

Bonde lililopasuka

Ziwa la Tanganyika halikuchimbwa na mto. Nchi yenyewe ilipasuka, ikazama, na maji yakajaa katika ufa huo. Milima ya Mitumba upande huu na milima ya Burundi upande ule ndiyo kingo za ufa. Ndiyo maana ziwa ni jembamba na refu, kilometa zaidi ya 650, na kina chake chafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu lenye kina kuupita huu, nalo ni Baikal la Siberia.

Ufa huo hauishii Uvira. Ukipanda bonde la Ruzizi, kwa kupitia Sange na Luvungi, wafika Bukavu na Ziwa la Kivu. Ukiendelea kaskazini wapita volkano za Virunga, kisha wafika ziwa ambalo wengi hulijua kwa jina la Edward, na huko watoka mto Semliki. Bonde ni moja, nasi tumo katikati yake.

Wageni wa karne ya 19 walishindana sana juu ya mto Ruzizi. Je, waingia ziwani au watoka? Kama watoka, waliwaza, labda ndio mwanzo wa Nili. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili mwaka 1858, na wenyeji wakawaambia wazi kwamba Ruzizi waingia ziwani. Lakini ubishi haukwisha hata mwishoni mwa mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia hata mlangoni mwa mto wakauona kwa macho yao ukiingia. Neno la wenyeji lilikuwa kweli.

Lakini wenye elimu ya miamba wameongeza jambo la ajabu. Zamani maji ya upande wa Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka na kumwaga mawe yao ya moto, zikaiziba njia hiyo kama boma. Maji yakajaa nyuma yake, hata yakapata njia mpya ya kusini, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ndivyo Ruzizi ulivyoanza kuleta maji ya Kivu katika Tanganyika. Basi watu tutakaowasimulia hapa waliishi katika bonde hili kabla ya Ruzizi kuwa kama tuujuavyo. Walikuwa wazee kuliko mto.

Jiwe la mtu na jiwe la mto

Mwanafunzi ataniuliza: "Mto nao huvunja mawe. Mulongwe ukifurika hugonganisha mawe makubwa kama nyumba. Twajuaje kwamba jiwe hili lilivunjwa na mtu?" Swali ni zuri, tena ndilo la kwanza ambalo wataalamu hujiuliza.

Chukueni jiwe la kwatzi, lile jeupe ling'aalo, au jiwe jingine gumu lenye chembe ndogo. Jiwe likipigwa kwa nguvu karibu na ukingo, kipande chembamba huruka, chenye makali kama wembe. Na tukiite kibanzi. Kwenye kibanzi hicho huonekana alama. Pale nyundo ya jiwe ilipogusa pana kama nukta iliyopondeka. Chini yake pana kinundu kidogo, na kutoka kinundu hicho husambaa mistari iliyopinda, mfano wa mawimbi ukitupa kijiwe ziwani. Jiwe mama nalo, lile lililotoa kibanzi, hubaki na kovu lenye shimo dogo mahali pa kile kinundu.

Kovu moja laweza kuwa kazi ya mto. Lakini mto hauna shabaha. Hupiga hapa, hupiga pale, huviringisha na kusugua. Ukiona jiwe lenye makovu matano, sita, saba, yakifuatana kwenye ukingo mmoja, kila pigo likitumia kovu la pigo lililotangulia, na ukiona vibanzi vyake vimelala karibu pamoja na nyundo iliyochakaa, hapo hakuna ubishi. Palikuwa na mkono, na nyuma ya mkono palikuwa na akili.

Wachimbaji wa mambo ya kale wana subira kubwa. Hukusanya vibanzi vyote, hata vidogo, kisha hujaribu kuviunganisha tena kama mtu aungaye vigae vya chungu kilichovunjika. Huko Lokalalei, magharibi mwa Ziwa la Turkana katika Kenya, waliunga hivyo mawe ya miaka milioni 2 na laki 3 hivi. Mawe yaliporudi kuwa mazima, wakaweza kuhesabu pigo baada ya pigo. Waliona kwamba fundi wa zamani zile aliligeuza jiwe lake kwa utaratibu na kuchagua pembe za kupiga, na hakupiga ovyo hata kidogo.

Tena kuna mfano uliotoka kwa mnyama wa nchi yetu. Bonobo ni sokwe apatikanaye Kongo peke yake, kusini mwa mto mkubwa. Huko Marekani bonobo mmoja aitwaye Kanzi alifundishwa tangu mwaka 1990 kupata makali kwa kugonga mawe, ili akate kamba ya sanduku lenye chakula. Alijifunza, naye alikuwa na akili nyingi. Mara nyingine alilitupa jiwe sakafuni ili lipasuke, akaokota kipande chenye makali. Lakini hata baada ya miaka ya mazoezi hakufikia ustadi wa mafundi wa zamani katika kuchagua pembe na mahali pa kupiga. Basi kazi hii ionekanayo kuwa rahisi si rahisi.

Zana za kale kuliko zote zijulikanazo leo zilionekana mwaka 2011 huko Lomekwi, magharibi mwa Turkana, na kikundi kilichoongozwa na Sonia Harmand. Umri wake ni miaka milioni 3 na laki 3. Baada ya hizo zaja zana za Olduvai katika Tanzania, mahali Mary Leakey alipoona fuvu la kichwa mashuhuri mwezi wa Julai mwaka 1959. Kwa muda mrefu sana watu walitosheka na vibanzi na mawe yaliyochongwa upande. Kisha, yapata miaka milioni 1 na laki 7 na nusu iliyopita, likatokea shoka la mkono. Hilo ni jiwe lililochongwa pande zote mbili, lenye ncha mbele na tako la kushikia nyuma, lenye umbo kama tone la maji. Fundi wake hakutaka makali tu. Alikuwa na sura ya kitu moyoni kabla ya kuanza kugonga.

Kusini: mbao za Kalambo

Sasa tushuke na ziwa. Kutoka Uvira hata ncha ya kusini ni safari ya kilometa kama 600. Tutaacha nyuma rasi ya Ubwari, Kalemie na Moba, hata tufike mahali ambapo mto Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, waanguka kutoka juu ya genge zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Juu kidogo ya maporomoko hayo pana kibonde kitulivu chenye udongo wa maji. Hapo ndipo mwaka 1953 mtaalamu Desmond Clark alipoona zana za mawe zikitokeza ukingoni mwa mto. Akachimba, akarudi tena na tena katika miaka iliyofuata.

Kalambo ni kama kitabu chenye kurasa nyingi. Juu kabisa kuna vigae na mabaki ya wakulima na wahunzi wa zamani. Chini yake kuna zana ndogo ndogo za mawe. Chini zaidi kuna mawe makubwa yenye ncha nene, na chini kabisa mashoka ya mkono yaliyochongwa vizuri. Lakini hazina yake kubwa si mawe. Kwa kuwa udongo wa chini ulikuwa na maji daima, miti haikuoza. Clark aliona vipande vya mbao vilivyoonekana kukatwa na kuchongwa. Ila zamani zile hapakuwa na njia ya kupima umri wake sawasawa, na mabishano yakaendelea.

Mwaka 2019 kikundi cha Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool kilirudi Kalambo pamoja na wenzao wa Zambia. Chini ya usawa wa maji ya mto wakaona magogo mawili. Gogo la juu limelala juu ya gogo la chini, na mahali yanapokutana pamekatwa pengo ili yakae imara yasiteleze. Alama za zana za mawe bado zaonekana. Mwaka 2023 habari hizo zilitangazwa ulimwenguni pamoja na umri wake, yaani miaka 476,000 kwa uchache.

Umri huo ulipimwaje? Chembe za mchanga zikikaa gizani ardhini, hukusanya nguvu kidogo kidogo kutoka udongo uzizungukao. Zikipigwa na jua, nguvu ile hutoka yote. Basi mtaalamu huchukua mchanga bila kuuonyesha mwanga, huupima nguvu yake katika chumba cha giza, na hivyo ajua ni muda gani umepita tangu jua lilipouona mchanga ule mara ya mwisho.

Tufikiri kidogo juu ya magogo yale. Watu wenye umbo kamili kama letu walikuwa hawajaonekana bado duniani, maana mifupa ya kale ya watu wa namna yetu ina miaka kama 300,000 tu. Hata hivyo hawa wa Kalambo walikata mti kwa jiwe, wakaunganisha mti na mti. Labda ilikuwa sakafu ya kukaa juu ya tope, labda njia, labda msingi wa kibanda. Vyovyote ilivyokuwa, mtu hachoshi mikono yake kukata pengo katika gogo kwa ajili ya mahali atakapolala usiku mmoja. Alikusudia kurudi. Katika kibonde hicho hicho zilionekana pia kabari na kijiti cha kuchimbia, kazi za miaka iliyofuata. Wale tuliozoea kuwaita watu wa mawe walikuwa watu wa miti vilevile, ila miti imeoza na mawe yamebaki. Tusiwahukumu kwa mabaki tu.

Kaskazini: vyusa vya Katanda na mfupa wa Ishango

Sasa tugeuke, tupande bonde kuelekea kaskazini, zaidi ya kilometa 300 kutoka Uvira, hata Ishango. Hapo Semliki watoka ziwani, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kilometa chache kwa kufuata mto pana Katanda. Huko Alison Brooks na John Yellen, pamoja na wenzao, walichimba wakaona vyusa vya mfupa, yaani ncha za mikuki ya kuvulia zenye meno upande, pamoja na mifupa mingi ya kambare wakubwa. Walipotangaza mwaka 1995 kwamba umri wake ni miaka 90,000 hivi, wengi walistaajabu, maana Ulaya vyusa vya namna hiyo vilionekana muda mrefu sana baadaye.

Mvuvi wa Uvira hatastaajabu kuhusu kambare. Ajua kwamba kambare hupanda kwenye maji machache wakati wa mvua ili kutaga, na hapo mtu aweza kumchoma kwa urahisi. Watu wa Katanda walijua majira hayo. Walikuja kwa wakati wake, wakiwa na chombo kilichotengenezwa mapema kwa kazi hiyo hiyo. Na chombo cha mfupa chahitaji chombo cha jiwe ili kikatwe, kichongwe na kusuguliwa. Zana imezaa zana.

Ishango yenyewe ilipata sifa kwa kitu kidogo kiasi cha kidole kirefu. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, Mbelgiji, aliona hapo mfupa mmoja wa mnyama, urefu wake sentimeta 10 hivi. Kwenye ncha yake kimepachikwa kipande cha kwatzi, na ubavuni mna mikato iliyopangwa mafungu mafungu katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 9, 19, 21 na 11. Jumlisheni, ninyi wanafunzi: ni 60. Safu ya pili ina 19, 17, 13 na 11. Hizo nazo ni 60. Safu ya tatu jumla yake ni 48. Umri wa mfupa huo wakadiriwa kuwa miaka 20,000 au zaidi.

Wataalamu hawapatani juu ya maana yake. Wengine wasema ni hesabu, wengine wasema ni kalenda ya mwezi, na wengine wadhani mikato ilisaidia mkono usiteleze. Lakini neno moja ni hakika. Katika nchi ya Kongo, ukingoni mwa ziwa, mtu wa zamani aliketi na jiwe lenye makali akakata alama, akaziweka katika mafungu, akaacha nafasi kati ya fungu na fungu. Mfupa huo wakaa Brussels, katika nyumba ya elimu ya viumbe, na watoto wa Ubelgiji waenda kuutazama. Watoto wangapi wa Uvira, Bukavu au Goma wamepata hata kuona picha yake?

Kwa nini Uvira yaonekana kimya?

Mtu atasema: "Kusini wana magogo, kaskazini wana vyusa. Sisi wa Uvira tuna nini? Labda hapa hapakuwa na watu." Hapana. Hukumu hiyo ni ya haraka, na ziwa lenyewe laikataa.

Wataalamu waliochunguza tope la chini ya Tanganyika wameona kwamba maji hayakuwa daima mahali yalipo leo. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati dunia ilipokuwa na baridi na ukame, ziwa lilishuka zaidi ya mita 200 kuliko sasa. Tazameni basi: siku zile mtu wa Ishango alipokata alama zake, ufuko wa Tanganyika haukuwa hapa tunapofulia nguo. Ulikuwa chini, mahali ambapo leo nyavu hazifiki. Mvuvi wa wakati ule, kama aliacha chusa chake ufukoni, chusa hicho leo kimo gizani chini ya maji na tope.

Upande wa milima nako kuna kazi nyingine. Mito ya Mitumba haichoki kushusha mawe na mchanga. Tulioona au kusikia mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ulipoacha njia yake ukabomoa nyumba na kuchukua maisha ya watu, twajua ni mzigo gani mto waweza kushusha kwa usiku mmoja. Zidisheni usiku huo kwa maelfu ya miaka. Basi mlango wa kitabu chetu umefunikwa, wala si kwamba kitabu hakikuandikwa. Panapofaa kutazamwa kwa makini ni kwenye kingo za juu za mito, mahali mto wa zamani ulipopita kabla ya kujichimbia chini, na kwenye vilima vya kando ya bonde la Ruzizi.

Mawe yatufunulia mtu wa namna gani?

Kwanza, mtu afikiriye kesho. Huko Olorgesailie katika Kenya, miaka kama 300,000 iliyopita, watu walitumia jiwe jeusi la kioo la volkano lililotoka mbali, makumi ya kilometa. Mnyama huokota kilicho karibu naye. Mtu hubeba jiwe leo kwa ajili ya nyama atakayoipata keshokutwa. Na jiwe la mbali laonyesha pia kwamba walikuwako majirani wa kupeana nao.

Pili, mtu afundishwaye na afundishaye. Mwaka 2015 wataalamu wa Uingereza walitangaza jaribio walilolifanya kwa watu 184. Wengine walipewa mawe tu, wengine walimtazama fundi, wengine walionyeshwa kwa mkono, na wengine walifundishwa kwa maneno. Waliotazama tu hawakuendelea sana. Waliofundishwa, hasa kwa maneno, waliendelea vizuri. Hivyo wataalamu wale wafikiri kwamba kugonga mawe kulisaidia kukuza lugha kinywani mwa mwanadamu. Mama avunjaye kokoto na binti yake ubavuni, akimwambia, "Usipige hapo, geuza kwanza," ashika uzi ambao mwanzo wake hauonekani kwa urefu.

Tatu, mtu aunganishaye. Mashoka ya mkono yalishikwa kwa mkono mtupu. Baadaye mafundi wakaweka jiwe kwenye mpini, wakalifunga kwa kano au kamba na kulikaza kwa gundi ya miti. Katika misitu ya Kongo mafundi wa namna hiyo walichonga ncha ndefu nzuri kama majani, na wataalamu waliziita kwa jina la kijito cha Lupemba huko Kasai. Kufunga jiwe, mti na kamba kuwa kitu kimoja ni kuona kwa akili kitu ambacho hakipo bado.

Msomaji Mkatoliki aweza kuwa na wasiwasi: je, mambo haya yapingana na mafundisho ya dini? Papa Pius XII, katika barua yake ya mwaka 1950 iitwayo Humani Generis, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu. Alishika neno kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe bila kitu cha katikati. Tena mmoja wa wataalamu wakubwa wa zana za mawe katika karne ya 20 alikuwa padre, Henri Breuil wa Ufaransa, aliyechunguza mawe ya Afrika pia. Hakuogopa jiwe. Kweli haiogopi kweli.

Tufanye nini?

Hatari iliyopo ni hii. Zana za mawe zikitolewa mahali pake bila kuandikwa, hunyamaza. Jiwe moja kabatini ni jiwe tu. Jiwe lile lile katika udongo wake, karibu na majivu, mfupa na vibanzi vyake, ni habari nzima. Siku hizi mchanga wachimbwa kwa kujenga, barabara zakatwa, mito yala kingo zake, na vita vimezuia wachunguzi miaka mingi katika bonde lote, hata huko Ishango. Ukurasa ukichanwa hauandikwi tena.

Kwa hiyo, ninyi wanafunzi na ninyi wazazi, mkiona mahali penye vibanzi vingi vya kwatzi vyenye makali, au vigae vya zamani, au mfupa uliogeuka jiwe, msichimbe kwa pupa wala msimuuzie mpita njia. Andikeni jina la mahali, kina, na rangi ya udongo. Pigeni picha. Mpelekeeni habari mwalimu wenu, padre wa parokia, au chifu. Kwenye mji wetu kuna kituo cha utafiti wa maji na viumbe vya ziwa, na Lwiro, karibu na Bukavu, kuna kituo kingine cha elimu ya viumbe na nchi. Wenye elimu si mbali. Nchi yetu nayo ina sheria ya mwaka 1971 ya kulinda mali ya utamaduni.

Walimu nao wana kazi. Kitabu cha historia kianzacho na kufika kwa wageni mwaka 1858 kimeanza jioni na kuiacha siku nzima. Mwalimu aweza kuwachukua watoto hata ukingoni mwa Kalimabenge wakati wa kiangazi, akawaonyesha tofauti ya jiwe lililosuguliwa na maji na jiwe lililopasuliwa. Akimwomba mvunja kokoto mmoja awafundishe watoto namna ya kusikiliza mlio wa jiwe, atakuwa amemleta mwalimu ambaye watoto hawakujua kwamba ni mwalimu. Wavae tu kitu cha kukinga macho, maana vibanzi huruka.

Watu wa Kalambo, wa Katanda na wa Ishango hawakutuachia jina hata moja. Hatujui walivyoitana wala nyimbo walizoimba. Walituachia kazi ya mikono yao, na kazi hiyo yashuhudia kwamba katika bonde hili watu walifikiri, walifundishana, walihesabu majira na kurudi walikokuwa wamejenga, maelfu kwa maelfu ya miaka kabla yetu. Urithi wa namna hiyo waweza kukanyagwa kwa miguu bila kujulikana, au waweza kutunzwa na watu wenye macho. Watoto wa Uvira wana macho mazuri. Na wafundishwe kutazama chini.